Mkono wa Kushoto, Sura ya Nne

Saa nne asubuhi, katika duka la vifaa vya mabomba, ndiyo saa mafundi wanapochangamka na kuanza kubishana. Siku ile walikuwa wawili, wakigombania ni ipi kati ya koki mbili za nusu inchi haitavuja baada ya miezi sita. Mwanamke wa kaunta aliwaambia zote zitavuja, ila ile ya shaba itavuja kwa heshima. Walimwita Koki. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilitumika benki tu. Alipokwisha kuwahudumia alikigeuza kitabu cha stakabadhi, akaendelea kuandika hadithi yake nyuma ya kurasa, palipokuwa peupe.

Alikuwa ameandika hivyo kwa miaka mitatu. Hadithi ilimhusu mwanamke wa chumba cha kufulia cha hospitali, ambaye mashine ya pasi inamla mkono wa kushoto kwa sababu kinga yake ilifunguliwa ili kazi iende haraka. Wakubwa wanamletea karatasi akiri kwamba alizembea. Anaipitisha ile karatasi kwenye mashine, inatoka imenyooka vizuri, anaikunja mara nne kama shuka la daktari na kuirudisha bila sahihi. Wanamfukuza kazi. Koki hakuhitaji kubuni sana, maana huyo alikuwa mama yake.

Mama alikuwa amekufa miaka sita kabla. Alirudi jioni ile Koki alipomaliza sura ya nne, kwa sababu sura hiyo ilikuwa na makosa. Alipiga hodi, akavua viatu, akaomba asomewe. Kisha akasema kwamba shuka halikunjwi na mtu mmoja kama ilivyoandikwa. Hukunjwa na wawili, wanaendeana na kurudi, wanaendeana na kurudi. Na siku ile mkono ulinaswa kwa sababu mwenzake wa upande wa pili alikuwa ametumwa kumchemshia msimamizi chai. Koki alisahihisha. Asubuhi mama bado alikuwepo, anaosha vyombo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakusubiri ya tatu. Alishika jiko siku hiyohiyo na kumwambia bintiye kwamba sufuria zake ni aibu ya ukoo. Mpangaji wa chumba cha pili alitaka kujua jambo moja tu, kama maji sasa yatagawanywa kwa vichwa vitano au sita. Walikubaliana sita, kwani marehemu alikuwa anaoga kama watu wengine.

Alirudi na mkono wake uleule. Kuanzia kifundo mpaka kiwiko ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa, na vidole viwili havikunyooka. Alirudi pia na mdomo wake uleule. Alilitukana bomba la jikoni, aliitukana redio, na kila siku baada ya chai ya asubuhi alimtukana yule msimamizi, kwa utulivu na bila kuruka kipengele, kama mtu anayemeza dawa aliyoandikiwa. Nyumba ilikuwa na amani.

Mswada ulipigwa chapa kwenye mashine ya kuazima, ukapelekwa kampuni ya vitabu, ghorofa ya tatu, kwa mhariri mkuu. Alikuwa mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa barabara na kalamu nyekundu mfukoni. Barua yake ya kwanza iliuma ikipuliza. Ilisifu lugha, ikasifu moyo wa mwandishi, ikaeleza kwamba kitabu cha hadithi kinachotaka kuishi lazima kiingie kwenye orodha ya shule, na orodha ina kamati, na kamati haipendi majeraha. Mchoraji naye hawezi kuchora mkono wa namna ile, mtoto akauona, halafu akala chakula chake. Je, mwandishi angekubali rekebisho dogo? Mkono uungue kidogo tu, na upone.

Koki aliisoma barua mara tatu juu ya kaunta. Hapa ndipo alipokosea, na hakuna sababu ya kumfichia. Alijiambia kwamba mkono ni aya mbili, na kitabu ni kurasa mia na themanini. Alijiambia kwamba ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Akaandika chini ya barua, "Nakubali," akaigonga mhuri wa duka kwa mazoea, UMEPOKEA MZIGO UKIWA MZIMA, akaituma.

Siku ya tatu mama alikuja mezani na mkono laini. Alikishika kikombe kwa vidole vyote vitano.

"Huu mkono ni wa nani?" aliuliza.

"Ni mhariri, mama. Ni rekebisho dogo tu."

Mama aliugeuza mkono huku na huku karibu na dirisha. "Haujawahi kufanya kazi huu," akasema, akanywa chai yake. Siku nzima aliushikilia mbali na mwili, jinsi mtu anavyombebea jirani mzigo asioujua ndani mna nini.

Rekebisho la pili la mhariri halikuombewa ruhusa. Bomba la jikoni liligoma, mama akafungua mdomo kulipa haki yake, na kilichotoka ni: "Ewe bomba, tafadhali jirekebishe." Akajaribu tena. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho yakamtoka, na sauti ikaja tamu, ya mtangazaji wa kipindi cha watoto: "Subira huvuta heri." Koki aliona machozi yanamshuka. Hasira yake ilikuwamo yote, haikupungua hata kijiko. Walichokitoa ni mlango wa kutokea.

Wiki iliyofuata yakaja maswali ya zoezi, ambayo kampuni huyaweka mwisho wa kila sura. Mama hakuweza tena kusema jambo likaishia hapo. "Chumvi imekwisha," aliwaambia asubuhi moja uani. "Je, tunajifunza nini kutokana na kwisha kwa chumvi? Taja mambo matatu." Mpangaji wa chumba cha pili, ambaye ni mtu wa watu, alitaja mawili.

Jumapili kaka yake Koki alikuja kula. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na alizijua kamati kwa majina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Eleza umuhimu wa salamu katika jamii."

Kaka alieleza, kwa ufupi lakini vizuri. Kisha akamgeukia Koki. "Mdogo wangu, ukiingia kwenye orodha umetoka. Kila mtoto nchi nzima atakusoma, atake asitake. Ukijichapishia mwenyewe, utakaa na maboksi uvunguni mpaka panya wakusome wao."

"Na mama je?"

"Mama ameshafariki. Hasira yake itamfaa nani sasa?"

Aliyasema hayo akiwa ameinua sahani ili mama ampakulie. Mama aliweka upawa chini polepole. "Swali zuri," alisema kwa ile sauti tamu. Kaka alisubiri kidogo, akajipakulia mwenyewe.

Mkataba ulifika Jumatano pamoja na sura mpya ya mwisho. Ndani ya sura hiyo mwanamke anakaa chini na wakubwa, anaelewa kwamba nao wana shida zao, anatia sahihi ile karatasi, na anapewa cheti cha utumishi mwema. Koki alikuwa hajaufikia ukurasa wa cheti aliposikia kalamu inakwaruza chumbani. Mama alikuwa anatia sahihi. Alishatia kwenye gazeti, kwenye kalenda kila tarehe, kwenye ukuta kuanzia sakafuni mpaka mkono ulipofika. Mkono laini wa kushoto ulikuwa unajaribu kuushika wa kulia na haukuwa na nguvu.

"Nizuie, mwanangu," alisema.

Koki alimnyang'anya kalamu. Mama akaenda jikoni akatia sahihi kwa kidole kwenye unga. Koki alimwaga unga, akamkalisha kitako, na akamwomba mpangaji wa chumba cha pili amshike mama mkono mpaka atakaporudi. Mpangaji alivuta kigoda, akamshika.

Ghorofa ya tatu palikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi. Mara ya kwanza Koki alidhani waliokaa pale ni wageni wanaongoja kuhudumiwa. Sasa aliwatazama vizuri, akajua ni watu wa hadithi za wengine. Kulikuwa na mzee aliyekuwa mlevi hodari, ameshikishwa glasi ya maziwa. Kulikuwa na kundi la vibarua walioanza mgomo na kugeuzwa timu ya mpira, wamevaa jezi zisizowaenea. Kulikuwa na msichana aliyewahi kutoroka, ambaye viatu vyake vilikuwa vimegandishwa sakafuni kwa gundi ya majalada. Wote walikuwa wameweka mikono magotini, na wote walikuwa na tabasamu moja.

"Umeleta mkataba?" mhariri mkuu aliuliza.

"Nimekuja kuchukua mswada."

Hakukasirika. Watu wa namna yake hawakasiriki, hata hasira wamewaachia wengine. "Kaa, dada yangu. Unadhani mimi nakuonea. Mimi nimehariri vitabu miaka ishirini na mbili. Mwanamke asiyesamehe haingii darasani. Kuwa na hasira sikukatazi, ila hasira haina mnunuzi."

"Yuko nyumbani anatia sahihi kwenye unga."

"Ndivyo wanavyofanya," mhariri alisema. "Sura ya mwisho huwa wanasumbua kidogo. Kitabu kikishatoka kiwandani wanatulia. Huyo wako tutampa nafasi pale karibu na dirisha, apate hewa."

"Alipata hewa ya mvuke miaka kumi na tisa. Nipe mswada wangu."

"Ukitoka nao, mlango wa orodha umefungwa. Na maduka yote yanaangalia orodha. Nakwambia kwa kukutakia mema."

Koki aliinuka, akauchukua mwenyewe juu ya meza, akaubana kwapani na wino mwekundu ukamchafua blauzi. Alimwambia mhariri kwamba mema yake ayatie chumvi ayale. Ukumbini alisimama mbele ya benchi, akawaambia wale waliokaa kwamba anayetaka kuondoka aondoke naye. Waliendelea kutabasamu. Msichana wa viatu peke yake ndiye aliyevuta mguu mmoja, mara mbili, na gundi ikashika.

Kazi ya kumrudisha mama ilichukua siku nne. Koki alifunga duka mapema kila siku na kuandika upya kutoka kwenye vitabu vyake vya stakabadhi. Aliporudisha sura ya mwisho, mkono wa mama ulitulia magotini na mpangaji akapata kwenda kwake. Alipofuta maswali, mama alitangaza kwamba mafuta ya taa yamekwisha, na habari ikaishia hapo. Aliporudisha matusi, mama alitoka uani akasimama, akalipa madeni ya wiki tatu bila kupumzika: bomba, redio, msimamizi, kamati, mhariri na ukoo wa mhariri kwa kushuka. Majirani walileta viti.

Ukabaki mkono. Kwenye mswada aya zake mbili zilikuwa zimefunikwa na wino mwekundu, na ile karatasi ya stakabadhi yenye aya hizo haikuwepo. Koki alikipekua kitabu kizima, akakuta kipande kilichochanika. Alikuwa amemchania fundi mmoja stakabadhi ya kona tatu za bomba, na mkono wa mama yake ukaenda zake mfukoni mwa mtu.

"Basi andika upya," mama alisema. Ilikuwa Jumapili asubuhi, jua limejaa chumbani.

"Nikiandika utaungua."

"Najua."

"Mama, uache hivyohivyo. Watu watauelewa tu."

"Mara ya kwanza niliungua bila kuulizwa," mama alisema. "Leo nimeulizwa. Andika."

Aliulaza mkono laini juu ya meza, kiganja juu. Koki aliandika kwamba moto ulimgusa. Ngozi ikapata wekundu kidogo na kutulia. Mama aliutazama. "Unanidekeza," akasema. Koki alifuta. Akaandika kwamba mwenzake hayupo, yuko jikoni anatafuta sukari ya msimamizi. Akaandika shuka linavuta, rola mbili zinazunguka, na mahali pa kinga pana matundu manne ya skrubu yaliyojaa vumbi. Akaandika kwamba swichi ya kuzimia iko ofisini kwa msimamizi, ili wafanyakazi wasiizimezime ovyo, na kutoka kwenye mashine mpaka swichi ni hatua thelathini na tisa na mlango mmoja unaofunguliwa kwa ndani. Aliandika harufu. Aliandika hatua zote.

Mama alipiga kelele. Mpangaji alikuja mlangoni akauliza kama kuna la kusaidia, akaenda kuleta ndoo ya maji. Koki hakuinua kalamu, maana aliogopa akiiinua hataishusha tena. Alikuwa analia na kulaani, analaani duka, mhuri na lile "Nakubali" aliloliandika kwa mkono huuhuu, na mstari uliendelea mpaka nukta. Kisha alitoka nje akatapika ukutani.

Aliporudi, mama alikuwa amekaa palepale, kijasho kinamtoka. Ngozi imejikunja na kung'aa. Vidole viwili havikunyooka. "Sasa huu ni wangu," alisema, akalala mpaka alasiri.

Kitabu kilichapwa kwa fundi wa kadi, kwenye kibanda chenye kompyuta moja iliyokuwa na majalada ya aina mbili, ya harusi na ya msiba. Koki alichagua la msiba kwa kuwa lilikuwa na maua machache. Pembeni palikuwa na mshumaa ambao kompyuta ilikataa kuutoa. Mama alisema mshumaa ubaki, mradi maneno yake hayaguswi. Fundi wa kadi alisoma kurasa akiwa anazichapa, na kila akifika sura ya nne alikuwa anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Kukunja karatasi kulimshinda. Mama alimwonyesha: mmoja upande huu, mwingine upande ule, wanaendeana na kurudi. Walimaliza kwa siku tatu, wakaingiza pini.

Mhariri hakuwa ameongopa. Duka la kwanza la vitabu liliuliza ithibati ya kamati iko wapi. La pili lilitazama mshumaa likasema halichukui vitabu vya dini. La tatu liliwaambia waache nakala mbili, na waliporudi wiki iliyofuata nakala zilikuwa zimewekwa chini ya mguu wa kabati lililokuwa linayumba. Kaka alipewa cha kwake. Alikivalisha gazeti, akakifungia kwenye droo ya ofisi shuleni, na akakisoma mara mbili bila kumwambia mtu.

"Twende kwa wenyewe," mama alisema.

Nyuma ya hospitali kuna geti dogo ambalo watu wa chumba cha kufulia hutokea saa kumi, zamu ikibadilika. Koki aliweka meza ya kukunja, mama akaweka kiti. Mlinzi aliwaambia ndani ya mstari mweupe hairuhusiwi kufanya biashara, wakasogea hatua mbili. Kutoka pale mashine ilisikika vizuri. Ilikuwa ileile, mama aliijua kwa kikohozi chake kila rola inapomaliza mzunguko.

Wanawake walitoka na mikono iliyokauka kwa sabuni. Wachache walimkumbuka mama, wakamwamkia, wakamuuliza habari za huko, akasema ni kuzuri ila hakuna la kufanya. Walinunua. Walisoma wamesimama, wamebana mifuko yao katikati ya miguu, na hakuna aliyeuliza kama kimepitishwa.

Msimamizi wa sasa, kijana aliyerithi kiti cha yule wa zamani pamoja na kikombe chake, alitoka na daftari. Alimtazama mama, akautazama mkono. Alikuwa ameona picha yake kwenye faili.

"Wewe ni marehemu," alisema.

"Ndiyo."

"Tumepungukiwa mtu mmoja leo. Ukitaka kuingia, ingia. Wewe umeshaungua."

Mama alimjibu kwa maneno yaliyoko ukurasa wa thelathini na moja. Msimamizi aliandika kitu kwenye daftari, akarudi ndani.

Huyo mtu mmoja aliyepungua alitoka baadaye kidogo. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mkono wa kulia umezungushiwa bandeji mpya mpaka begani, anatembea polepole kana kwamba ardhi ina maji. Wenzake walimpisha. Mama aliinuka akampa kiti.

"Wamekuletea karatasi?"

"Wameleta."

"Umetia?"

"Nimetia dole gumba. La kushoto," binti alisema. "Walisema bila hivyo hawanifungi bandeji."

Mama aliutazama ule mkono wa bandeji. Alikuwa na matusi yake yote, hakuna hata moja lililokatwa, na hakuna hata moja lililotosha.

"Mpe kitabu," akamwambia Koki.

Koki alimpa. Binti alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakiweka mapajani, akajaribu kukifungua, kikajifunga. Akajaribu tena. Mama alipiga magoti upande mmoja akashika jalada kwa vidole vyake visivyonyooka, Koki akapiga magoti upande wa pili, na kati yao binti akaanza kusoma, midomo inacheza. Alipofika mwisho wa ukurasa aliashiria kwa kichwa, na mama akamfunulia mwingine. Ndani, jina la mwanamke mwingine likaitwa, na mashine, ambayo ilikuwa imesimama kwa dakika kumi na moja tu kwa kukosa mtu, ikaanza tena.